Mfahamu Carl Hiaasen, buda anayechekesha akisaka wachafuzi wa mazingira

Kama unadhani riwaya ya upelelezi lazima ikunje uso, hujakutana na Carl Hiaasen. Huyu buda wa Florida, Marekani, alizaliwa 1953, na mwaka wa 1976 akaanza kazi kwa gazeti la Miami Herald. Huko ndiko aliona masonko wakila vinamasi na fuo kipande kwa kipande. Hasira akaigeuza kicheko.

Cheki Skinny Dip ya 2004. Chaz ni mtaalamu wa viumbe vya baharini asiyejua hata mkondo wa bahari unaelekea wapi. Kazi yake ni kupika vipimo vya maji ili tajiri wa mashamba aendelee kumwaga mbolea Everglades, kile kinamasi kikubwa cha Florida. Akihisi bibi yake amemshtukia, anamrusha baharini kutoka kwa meli ya watalii. Manze, dem anaokolewa na furushi la bangi linaloelea! Kisha anarudi kumhangaisha polepole, jamaa akidhani alishakufa.

Ukifuata doo kwa hii stori, unafika kwa maji machafu. Na hapo hajatunga: fosforasi ya mashambani imeharibu Everglades kweli, na mamilioni ya watu Florida Kusini wanategemea maji ya huko.

Hupendi vitabu vinene? Anza na Hoot ya 2002, aliyoandikia watoto. Kampuni ya pankeki inataka kujenga juu ya mashimo wanamoishi bundi wadogo, na vijana wa shule wanaikataa. Mvivu wa kusoma kabisa, Bad Monkey iko Apple TV tangu 2024, Vince Vaughn akiwa mpelelezi.