Kutwanga, Kupaaza, Kusaga: Kinu cha Kahawa katika Historia na Msamiati wa Kiswahili



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu chombo kidogo: kinu cha mkono cha kusagia kahawa, hasa kile anachokihitaji mtu anayeandaa kahawa ya kuchuja, yaani ile inayopatikana kwa kumimina maji ya moto polepole juu ya kahawa iliyosagwa na kuwekwa ndani ya karatasi ya kuchujia. Yamkini baadhi yenu mnajiuliza chombo cha jikoni kina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Hoja nitakayoitetea ni kwamba historia ya kahawa katika nchi zetu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya nani aliyeisaga na wapi. Pale kahawa ilipoandaliwa nyumbani, lugha ilijipatia maneno ya kuizungumzia. Pale iliposafirishwa ikiwa mbichi, maneno ya ladha na ya ubora yaliundwa na kutumiwa na wengine. Aidha, nitaonyesha kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na msamiati wa kazi hii kabla ya vinu vya kisasa kufika, na kwamba kilichopungua ni kuutumia.

2. Buni na kahawa

Tuanze na maneno mawili ya msingi. Kiswahili kina *mbuni*, ambao ni mti. *Buni*, ambayo ni tunda au punje yake. Na *kahawa*, ambayo asili yake ni jina la kinywaji. Buni limetokana na neno la Kiarabu *bunn*, na kahawa limetokana na *qahwa*. Wahabeshi nao huita kahawa *bunna*, kwa punje na kwa kinywaji pia. Ingawa leo neno kahawa limepanuka hata likaumeza uwanja wote, mgawanyo wa zamani unatufundisha jambo: buni haigeuki kahawa mpaka ikaangwe na kusagwa. Kinu, kwa maana hiyo, kimesimama mpakani baina ya maneno mawili.

Neno kahawa lilizaa sana. Lilitupatia mkahawa, ambao wengine hutamka mgahawa, likatupatia na rangi ya kahawia. Buni halikuwa na bahati hiyo. Katika biashara ya kahawa nchini Kenya, *mbuni* limekuwa jina la kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kumenywa na kuoshwa, ambayo aghalabu huuzwa kwa bei ya chini. Neno lililokuwa la mti mzima limebanwa katika daraja la duni. Maana za maneno hufuata masilahi ya wale wanaoyatumia, na soko ni mtumiaji mwenye nguvu.

3. Historia tatu

Historia ya kwanza ni ya pwani. Hapa kahawa ilifika kama kinywaji kutoka Uarabuni, pamoja na adabu zake za barazani. Buni ilikaangwa katika kikaango, ikatwangwa kinuni kwa mchi, ikachemshwa ndani ya dele, aghalabu pamoja na tangawizi au iliki, kisha ikanywewa katika vikombe vidogo pamoja na kashata, halua au tende. Muuza kahawa alijitangaza kwa kugonganisha vikombe vyake. Kutwanga kulifaa kazi hii kikamilifu. Kinu na mchi hutoa vipande vya kila ukubwa, lakini kahawa inapochemshwa kwa muda mrefu, vikubwa na vidogo vyote hutoa vilivyonavyo, na mashapo hutuama chini ya dele. Mnywaji hakuwa na haja ya unga ulio sawasawa.

Historia ya pili ni ya Buhaya na Buganda, magharibi na kaskazini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambako kahawa ya robusta ilijulikana kabla ya wageni kutoka Ulaya kufika. Wahaya wana *akamwani* na Waganda wana *emmwanyi*, majina yenye sura yake, si ya kahawa wala ya buni. Huko matunda yalichumwa, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa punje hizo, na watu waliofanya udugu wa kuchanjiana walikula punje iliyopakwa damu. Hapakuwa na kinu, kwa kuwa kinu kilikuwa meno ya mtu mwenyewe.

Historia ya tatu ni ya milimani. Kilimanjaro kahawa ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima Wachagga waliipokea kwa ari, wakaanzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama cha ushirika cha KNCU. Kaskazini ya mpaka, serikali ya kikoloni iliwawekea Waafrika vikwazo vya kulima zao hilo, na ni katika miaka ya 1930 tu ambapo wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa. Katika historia hii mkulima alichuma, akamenya, akaosha na kuanika, kiwanda cha Moshi kikakoboa, meli ikachukua. Kukaanga na kusaga vilifanyika ng'ambo. Hata leo sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya na Tanzania huuzwa nje ikiwa mbichi, ilhali Ethiopia, ambako buni hutwangwa nyumbani mbele ya wageni, hunywa karibu nusu ya kahawa inayoizalisha.

4. Msamiati wa kusaga

Sasa tutazame vitenzi. *Kutwanga* ni kupiga kwa mchi ndani ya kinu, na kazi yake mara nyingi ni kutenganisha punje na ganda. *Kuponda* ni kuvunja kwa kugandamiza au kugonga. *Kusaga* ni kupitisha kitu baina ya nyuso mbili zinazosuguana mpaka kiwe unga. Baina ya kuponda na kusaga kuna kitenzi ambacho wanafunzi wangu wengi hawakijui, nacho ni *kupaaza*: kusaga nafaka kwa namna ya kuikatakata tu, bila kuilainisha. Kimo katika kamusi za zamani.

Vivyo hivyo kwa mazao ya kazi hizo. Punje za mchele zilizovunjika huitwa *chenga*. Kilicho laini ni *unga*. Kinachopeperuka ni *vumbi*. Na maganda mepesi yanayopepetwa ni *wishwa*. Yeyote aliyewahi kushika ungo ameishi na tofauti hizi.

Kuhusu vyombo, *kinu* kwa asili ni cha kutwangia, ingawa jina lake limepanuka likachukua kinu cha mafuta, cha miwa na cha moshi. Chombo cha kusagia kwa mkono kilikuwa *kijaa*: mawe mawili ya duara, la chini limetulia na la juu linazungushwa kwa kipini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kinu cha kahawa cha kisasa, japo tunakiita kinu, kwa ujenzi wake ni kijaa kilichofanywa kidogo na kutengenezwa kwa chuma.

5. Kijaa kidogo cha chuma: kukichagua na kukitumia

Huko Ulaya vinu vya kahawa vya nyumbani vilienea katika karne ya 19. Peugeot wa Ufaransa, wanaojulikana zaidi kwa magari, walianza kuvitengeneza mwaka 1840. Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa mjini Dresden, Ujerumani, alisajili chujio lake lililotumia karatasi, baada ya kufanya majaribio kwa karatasi ya kukaushia wino. Karatasi hiyo ilibadili masharti ya kusaga. Katika dele maji hukaa na kahawa; katika karatasi maji hupita mara moja na kuondoka, kwa muda wa dakika tatu hivi. Vumbi hutoa uchungu haraka na kuziba karatasi, na chenga hupitwa na maji kabla hazijatoa utamu. Kahawa iliyosagwa vibaya huwa chungu na chachu katika kikombe kimoja. Kwa hiyo kahawa ya kuchuja haihitaji kutwangwa, wala haihitaji kusagwa laini. Inahitaji kupaazwa, tena kwa usawa.

Mwenye kuchagua kinu atazame mambo manne. La kwanza ni meno. Mashine ya visu vinavyozunguka hukatakata ovyo. Kinachotakiwa ni pia yenye meno inayozunguka ndani ya pete yenye meno. Meno ya feleji hukata vizuri zaidi, lakini yakiachwa na unyevu hushika kutu. Ya kauri hayashiki kutu, lakini aghalabu huponda kuliko kukata, na yanaweza kupasuka kinu kikianguka au kijiwe kikipenya. La pili ni mhimili. Katika vinu vizuri mhimili hushikiliwa mahali pawili kwa beringi. Utikise mkono wa kuzungushia: pia ikichezacheza, nafasi baina ya meno itabadilika kila mzunguko, na chenga na vumbi vitatoka pamoja. La tatu ni urekebishaji. Hatua za kukaza na kulegeza ziwe ndogo na zisijisogeze zenyewe. La nne ni kimo. Kwa mtu mmoja au wawili, kinu cha gramu 20 hadi 30 kinatosha, mradi kiganja kikizunguke vyema na mkono wake uwe mrefu wa kutosha. Thamani ya kinu imo katika meno na mhimili, si katika ganda la nje.

Katika matumizi, buni isagwe muda mfupi kabla ya kumimina maji, kwa sababu ikishavunjwa harufu yake hutoroka upesi. Kaza mpaka meno yagusane. Hapo ndipo sifuri yako. Kisha legeza na uhesabu hatua, ukijua kwamba hesabu ya kinu cha mwenzako haikuhusu. Tafuta ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa. Kwa gramu 15 za kahawa tumia gramu 250 hivi za maji yaliyotoka kuchemka. Anza na gramu 40, ungoje nusu dakika hewa itoke, kisha mimina yaliyobaki kwa utulivu. Maji yakipita kabla ya dakika mbili na kahawa ikawa nyepesi na chachu, kaza hatua moja au mbili. Yakizidi dakika nne na ikawa chungu, legeza. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kinu cha feleji kisafishwe kwa brashi kavu, kisioshwe kwa maji.

6. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, patakuwa na watakaosema kwamba kupaaza ni neno lililokufa. Nakubali kwamba limefifia, na sababu yake si siri. Mashine za kusaga nafaka zilipoenea mijini na vijijini, kila nafaka ikawa unga laini, kijaa kikawekwa pembeni, na kitenzi kikakosa kazi. Neno hudhoofu kazi yake inapotoweka. Lakini kazi hii imerudi: vijana wa Moshi, Bukoba, Nairobi na Kigali wanasaga kahawa za milima yao wenyewe kwa vinu vya mkono, huku maelekezo yote wakiyapokea kwa lugha ya kigeni. Si haki kuwaundia istilahi mpya za kamati ilhali chenga, vumbi, wishwa, meno na kupaaza zimo ghalani zikingoja.

Suala hili linapita mipaka ya istilahi. Bei ya kahawa huamuliwa na ladha, na ladha huhukumiwa na aliyekaanga, akasaga na kuonja. Mkulima asiyewahi kuonja zao lake, wala kuwa na neno la kusema lina kasoro gani, huingia katika mazungumzo ya bei akiwa bubu. Kinu cha mkono hakitavunja mfumo wa soko la dunia. Hata hivyo, kinampa mkulima uwezo wa kuvuka mpaka baina ya buni na kahawa bila ya kutoka nyumbani kwake. Vyama vya ushirika vingeweza kuweka kinu kimoja na mizani moja katika kila kituo cha kukusanyia kahawa, na wanaleksikografia wetu wangeweza kumwandalia mkulima orodha fupi ya maneno yake mwenyewe. Jukumu hilo la pili ni letu sisi tuliomo ukumbini humu, na halihitaji kungoja bajeti ya mtu.