Ruzuku za Michezo na Afya ya Jamii: Mlango Upi Tuuingie, na Nani Anaachwa Nje?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wa Kiislamu, swali hili linatufikia kwa sura nyingi, na safari hii limekuja kutoka Ng'ambo. Tunakusudia kata ya Ng'ambo katika manispaa ya Tabora, siyo Ng'ambo yetu ya Mjini Unguja. Familia nyingi za visiwani zina jamaa huko tangu enzi za misafara, kwa hiyo jambo la Tabora ni la nyumbani. Vijana wanataka kuanzisha mazoezi na michezo ya mtaa itakayowakusanya wavulana, wasichana, wazee na watu wenye ulemavu. Wameambiwa zipo fedha za kusaidia kazi hiyo. Wanauliza: je, tuzichukue? Zote ni halali? Na tukizipata, dini inatutaka tuzitumie vipi?

Tutajibu kwa mafungu, ili kila familia ipate linaloihusu.

1. Michezo ina nafasi gani katika dini?

Asili yake ni mubaha, na huwa jambo jema zaidi nia ikiwa njema. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) amemsifu muumini mwenye nguvu kuliko aliye dhaifu, na akabainisha kuwa wote wawili wana kheri. Alishindanisha farasi, na alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, baada ya kuwaamrisha watu watangulie mbele. Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye hakuwakataza.

Madaktari nao wanalisema hili kwa hesabu zao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Sukari na shinikizo la damu vinawamaliza wazee wetu, Unguja, Pemba na Tabora. Mwili ni amana, na kuutunza ni sehemu ya kuitekeleza amana hiyo.

2. Kwa nini Ng'ambo?

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Watu wa pwani, Waarabu, Wanyamwezi na Wamanyema walikutana hapo, wengine kwa biashara, wengine kwa upagazi, na wengine wakiwa wameletwa kwa minyororo. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kwihara, jirani na Tabora, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa.

Neno ng'ambo maana yake ni upande wa pili. Katika Ng'ambo ya Unguja waliishi wengi waliokuwa mbali na majumba ya mawe, na humo ndimo klabu nyingi za mpira zilimokua miaka ya 1920, zikiwakusanya watu wa asili mbalimbali chini ya jezi moja. Kwa hiyo mtu anapotaka kuanzisha michezo isiyombagua mtu katika mtaa wenye jina hilo, anaendeleza jambo lenye mizizi.

3. Milango ya fedha na hukumu zake

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa sana. Ruzuku ni fedha isiyorudishwa, inayotolewa kwa kazi maalumu na kwa masharti. Mkopo ni deni. Wanaovichanganya wameziingiza familia zao katika dhiki.

(a) Asilimia 10 ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri za Tanzania Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha hizi ni mkopo usio na riba, na kwa upande huo hakuna kizuizi cha kisheria. Lakini zimewekwa kwa ajili ya shughuli za kuingiza kipato.

Kikundi kikikopa kununua jezi na mipira, kitarejesha kwa nini? Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni la dinari chache mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba. Rai yetu: msikopee mchezo. Kama kikundi kina mradi wa kweli, mfano kushona jezi, kufuga kuku au kukodisha viti, basi kikopee mradi, na faida yake ndiyo igharimie michezo. Kwetu visiwani tunao Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi (ZEEA). Taratibu zake ni mbali na hizo za Bara, lakini swali la kujiuliza ni lile lile: hili ni deni au ni msaada, na nitalilipa kwa nini?

(b) Mfuko wa Maendeleo ya Michezo wa Serikali. Hapa ndipo penye mjadala, kwa sababu sehemu ya mapato yake inatokana na kodi ya michezo ya kubahatisha matokeo ya mpira. Kamari ni haramu kwa nassi ya Suratul Maida, aya ya 90 na 91, na hakuna khitilafu katika hilo. Swali ni je, fedha iliyokwisha kuingia katika hazina ya Serikali na kupangiwa maslahi ya umma ina hukumu gani kwa anayeipokea?

Imam Ghazali katika Ihya, na Imam Nawawi baada yake katika Al-Majmu', wameeleza kuwa mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe huelekezwa katika maslahi ya umma au kwa mafakiri. Na katika mali iliyochanganyika, wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuiharamisha kwa anayeipokea kwa njia halali, ingawa kuiepuka ni wara' pale haramu inapokuwa nyingi. Kwa msingi huo hatuoni kuwa kikundi kinachopata msaada wa Serikali kinapata dhambi ya mcheza kamari. Hata hivyo tunashauri uwe mlango wa baadaye, baada ya kujaribu milango iliyo safi zaidi. Na mwenye moyo usiotulia aache. Hatumlaumu.

(c) Kampuni za kamari zenyewe. Hili ni jambo jengine kabisa. Kampuni inapowapa jezi zenye nembo yake, inakodi vifua vya watoto wenu kuitangaza haramu. Huko ni kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa mwanzoni mwa Suratul Maida. Haijuzu, hata kama jezi ni za bure na timu haina kitu. Mzazi anayemkataza mwanawe kubeti, kisha akamvisha tangazo la kubeti, amelibatilisha neno lake mwenyewe.

(d) Taasisi za kiraia na balozi. Zipo taasisi zinazotoa ruzuku kwa asasi zilizosajiliwa, kama Foundation for Civil Society, na zipo balozi zenye fungu la miradi midogo ya jamii. Kupokea msaada wa asiye Muislamu inajuzu, kwani Mtume (S.A.W.) alipokea zawadi zao. Angalieni masharti. Kama yapo yanayowalazimisha kuacha la wajibu au kutenda la haramu, kataeni kwa adabu. Kama ni ya kuleta hesabu na taarifa, hayo dini imetangulia kuyaamrisha.

(e) Sadaka, wakfu na zaka. Sadaka ya kawaida na wakfu zinafaa kwa kiwanja, uzio, maji na vifaa. Zaka haifai kununulia mipira wala kujengea kiwanja, kwa sababu mafungu yake manane yametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na jamhuri ya wanazuoni hawakuliingiza hili ndani yake. Lakini mtu fakiri mwenye ulemavu hupewa zaka kwa ufakiri wake, na akitaka ainunulie kiti cha magurudumu au magongo. Aliye visiwani akitaka kumsaidia jamaa yake wa Tabora kwa njia hii, na ampe yeye mkononi.

4. Kombe la mbuzi

Hatuwezi kuliacha hili. Mitaa mingi huandaa mashindano ambayo kila timu hutoa kiingilio, kisha kiingilio hicho hicho kikanunua mbuzi au kikombe cha mshindi. Hapo kila timu imeweka mali yake ikiwa baina ya kupata zaidi na kupoteza, na hiyo ndiyo sura ya kamari, hata kama hakuna aliyeikusudia. Njia ya kutoka ni nyepesi: zawadi itolewe na mtu wa tatu asiyeshindana, na wengi wa wanazuoni wa zama zetu wameliruhusu hilo. Kama lazima timu zichange, mchango utumike kwa gharama tu, kama chokaa, waamuzi na maji, na usiingie katika zawadi. Mkipata ruzuku, tengeni zawadi humo iwapo mtoaji ameruhusu, na mtakuwa mmewaondolea vijana shubuha kubwa.

5. Nani anaachwa nje?

Fedha nyingi za mtaani huishia kwa vijana wa kiume kumi na moja na wachezaji wao wa akiba. Wengine hukaa pembeni kushangilia. Allah alimzindua Mtume wake kwa ajili ya kipofu mmoja, Ibn Umm Maktum (R.A.), na sura ikateremka. Sahaba huyo huyo aliachiwa Madina aisimamie Mtume alipotoka. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma tu, alipewa kazi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja michezo kwa jina. Na jambo lenyewe linawezekana. Timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na hutembelea magongo, na golikipa ana mkono mmoja. Kinachohitajika ni magongo madhubuti na uwanja usio na mashimo.

Tabora ina skuli ya viziwi iliyoanza mwaka 1963, na ina skuli ya wasioona. Kwa hiyo vijana wa Ng'ambo hawana haja ya kubuni kutoka mbali. Kiziwi hasikii filimbi, basi mwamuzi ainue bendera. Asiyeona huchezea mpira wenye njuga ndani. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ngumu ya kuingilia na choo anachoweza kukitumia. Haya ni ya bei ndogo yakiwekwa katika bajeti tangu mwanzo, na huwa mzigo yakikumbukwa mwishoni. Waulizeni wenyewe, na wawemo katika kamati wakiwa na kura.

Kwa wanawake na wasichana, sharti ni sitara. Ua la skuli lenye ukuta, saa maalumu, mwalimu wa kike, na kutokuwepo wapiga picha. Hilo nalo liingie katika bajeti, maana uzio wa makuti au maturubai unaweza kuwa ndio tofauti baina ya mama kutembea na kunyoosha viungo na mama kukaa ndani mwaka mzima. Kwa wazee, mwendo wa pamoja baada ya sala ya Alfajiri unatosha kuwa mwanzo, na hauhitaji ruzuku.

6. Fedha ikishaingia

Jisajilini kwanza. Kwa Bara vilabu husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na afisa michezo wa halmashauri ndiye wa kuanzia. Kwetu liko Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na ikiwezekana isiyo ya riba. Fedha isipitie katika simu ya mwenyekiti.

Ruzuku ni amana yenye sharti. Iliyotolewa kwa viti vya magurudumu haigeuzwi kuwa nauli ya timu kwenda kucheza ugenini, hata kama kamati nzima imekubaliana, mpaka mtoaji aridhie kwa maandishi. Msiandike majina ya watu wenye ulemavu katika maombi ili fedha itoke, kisha wasionekane uwanjani. Huo ni uongo na kula mali ya watu kwa batili, na anayedhulumiwa ni yule ambaye dua yake haina kizuizi.

Bandikeni hesabu msikitini na ofisi ya mtaa kila baada ya miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

7. Muhtasari

Anzeni na sadaka, wakfu na nguvu zenu. Kisha ombeni ruzuku safi yenye masharti yanayokubalika. Msaada wa Serikali uliochanganyika unajuzu, na kuuacha ni wara'. Mkopo usio na riba uwe wa mradi wenye kipato tu. Nembo za kamari na kombe la viingilio, hapana. Zaka apewe mtu aliyestahiki, isiende katika kiwanja. Na kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa maombi, mpite nyumba kwa nyumba muulize ni nani hajawahi kualikwa uwanjani, kisha muanze naye.

Tunamuomba Allah awape tawfiki ndugu zetu wa Ng'ambo zote mbili, atupe miili yenye afya ya kumuabudia, na atuepushe na mali yenye shubuha.

Wallahu a'alam.