Paji la uso la Hoover na runinga zetu za mikutano

Aprili 7, 2027 itatimia miaka 100 tangu watu waliokusanyika katika Maabara za Bell, New York, wamwone na kumsikia mtu aliyekuwa Washington, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Mtu huyo alikuwa Herbert Hoover, Waziri wa Biashara wa Marekani, ambaye mwaka 1929 aliapishwa kuwa Rais.

Skrini yao kubwa ilikuwa na upande mrefu wa futi mbili na nusu hivi. Ilikuwa mrija mmoja mrefu wa gesi ya neoni, uliokunjwakunjwa kuwa mistari 50, na mgongoni ukabandikwa vipande 2,500 vya bati jembamba. Kila kipande kilipopata umeme, nukta moja iliwaka. Nukta 2,500 ndizo zilizotakiwa kumchora waziri mzima! Kule Washington, mwale wa mwanga ulimpitia Hoover usoni mstari kwa mstari, na seli za umeme zikawa zinanasa mwanga uliorudi.

Hoover akaketi, akashika mkonga wa simu, akainama mno kuelekea mtambo. New York wakakodoa macho. Walichoona zaidi ni paji la uso lililotawala picha. Alipousogeza uso ndipo sura yake ikajitokeza. Gazeti la The New York Times, lililoiweka habari hiyo ukurasa wa mbele kesho yake, halikuliacha jambo hilo. Na Hoover asingeweza kujirekebisha mwenyewe, kwa kuwa picha ilisafiri upande mmoja tu. Yeye hakuwaona waliokuwa wakimtazama.

Mwaka 1930 Bell walionyesha mtambo wa pande mbili. Wajerumani wakafuata mwaka 1936 kwa vibanda vya posta kati ya Berlin na Leipzig, hadi Vita vya Pili vya Dunia vikakatiza huduma.

Kisha ikaja Picturephone, simu ya picha ya Bell. Juni 30, 1970, Meya wa Pittsburgh, Peter Flaherty, alimpigia John Harper, mkuu wa kampuni ya Alcoa, na huduma ikazinduliwa kwa dola 160 kwa mwezi. Ilikufa kwa ughali na kwa kukosa wateja: unanunua simu ya picha, halafu unampigia nani? Hata hivyo, ukisoma toleo la Februari 1971 la jarida la kitaalamu la Bell, unakutana na wahandisi waliomfikiria mtu anayeketi mbele ya kifaa. Skrini ilikuwa ndogo, inchi tano na nusu kwa tano, na kamera ilikaa juu yake, karibu kabisa, ili anayemtazama mwenzake asionekane anatazama kwingine. Waliweka hata kioo kidogo cha kuonyesha karatasi iliyo mezani.

Baadaye zikaja intaneti, Skype na Zoom, kisha korona. Februari 27, 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walifanya mkutano wao kwa njia ya video. Leo wilaya, mahakama na vyuo vinakutana hivyo.

Ndiyo maana inaniuma kuona vyumba vyetu. Hivi karibuni niliketi katika ukumbi wa ofisi moja ambako runinga kubwa, mpya, imetundikwa karibu na dari, na kamera juu yake. Sisi tulikaa shingo zimepinda kwa saa mbili. Wenzetu wa upande wa pili waliona vipara na vilemba. Mwenyekiti alikaa mgongo dirishani, pazia wazi, akawa kivuli cheusi kinachozungumza. Fedha zimetumika, kifaa ni kizuri, na hakuna aliyeketi kwenye kiti kujaribu kabla fundi hajatoboa ukuta.

Mnaosimamia kumbi hizo, iteremsheni runinga. Katikati ya skrini pakae karibu na kimo cha macho ya mtu aliyeketi, kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Kamera iguse ukingo wa skrini. Dirisha liwe mbele ya wasemaji, au pazia lifungwe. Kisha mpigieni mtu mmoja kabla ya mkutano, mwulizeni anaona nini.