Sime, Kisu na Aristotle

Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda, alifariki Nairobi mwezi Desemba 1981, akiwa na miaka 69. Mimi naishi Kitengela, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka jiji hilo. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimsoma kwa sababu ya dai lake moja: ukizichambua ngeli za lugha za Kibantu, utakuta mle ndani jibu la swali ambalo Aristotle aliliuliza Athens zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Swali lenyewe ni fupi: vyote vilivyopo ni vya aina ngapi?

Aristotle alijibu kumi: dhati, kiasi, sifa, uhusiano, mahali, wakati, mkao, kumiliki, kutenda na kutendwa. Kagame alikwenda Roma mwaka 1952, akapata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Gregoriana mwaka 1955, na mwaka uliofuata kitabu chake kikachapishwa Brussels kwa Kifaransa. Alikiandika kwa mtindo wa mazungumzo, kama Plato. Wanaozungumza ni wawili, Kama na Gama, na wanafikia mahali ambapo aina kumi za Mgiriki zinabaki nne. Zile sita zilikwenda wapi?

Nilichukua daftari nikahesabu. Dhati ameigawa mara mbili, kwa maneno ya Kinyarwanda: umuntu, kilichopo chenye akili, na ikintu, kilichopo kisicho na akili. Mahali na wakati amevifunga pamoja katika ahantu. Saba zilizosalia zote zimeingia katika ukuntu, yaani namna ya kuwa. Hesabu inatimia, hakuna kilichoachwa. Msomaji wa Kiswahili anasikia mwangwi wa kwao papo hapo: mtu, kitu, pahali. Ndiyo maana kuna simulizi inayopendwa sana, kwamba Kagame aliikuta falsafa ya Mwafrika imelala ndani ya lugha, ikimngoja mtu wa kuiamsha. Ipo pia simulizi ya pili, kali zaidi, kwamba alichofanya ni kumvisha Aristotle kanzu ya Kibantu. Mimi sikutaka kupokea hata moja kabla ya kuijaribu kwa mikono yangu. Ningeanzia wapi, kama si kwa Kiswahili chenyewe?

Hapo mambo yaliharibika mapema. Mti unaanza na m- kama mtu, lakini hauna akili. Kiongozi, kijana na kiziwi wamebeba ki- ya kitu, na hakuna anayewaita vitu. Mbwa hatusemi hii, tunasema huyu, ingawa kwa Kagame mnyama anakaa upande wa ikintu. Halafu lipo neno lililonikesha: Mungu. Akiwa mmoja tunasema Mungu huyu. Wakiwa wengi tunasema miungu hii, kama miti. Je, neno linapotoka umoja kwenda wingi, kilichopo kinabadilika aina?

Kagame mwenyewe hakusema kwamba kila nomino inakaa sawasawa katika ngeli yake, na lazima nimtendee haki hapo. Alishika shina -ntu, akauliza viambishi vinalifanya nini. Baadaye, mwaka 1976, alitoa kitabu cha pili kilicholinganisha lugha nyingi za Kibantu, kwa hiyo hakuegemea Kinyarwanda peke yake. Hata hivyo zote zilikuwa za Kibantu. Nami nakaa katika nchi ambayo majina yake mengi hayana Ubantu wowote. Nairobi ni enkare nairobi, maji baridi. Kajiado ni olkejuado, mto mrefu. Hoja ya ngeli ikivuka Mto Athi na kuingia Umaasaini, inabaki na nini mkononi?

Kabla ya kwenda kusini nilipotea njia kidogo upande wa mashariki. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitumia nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu katika kitabu chake cha 1969 kudai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali haukuwepo. Nilidhani huyu angekuwa shahidi wa Kagame. Nilipomsoma tena nikaona anabeba mzigo uleule: anatoka kwenye sarufi, anaruka, anatua kwenye fikra. Nilimweka kando. Yule anayeruka hivyo ananionyesha daraja gani?

Kwa Kimaasai, kitabu nilichokitegemea ni sarufi ya Tucker na Tompo ole Mpaayei, iliyotoka London mwaka 1955, mwaka uleule ambao Kagame alimaliza masomo yake Roma. Kimaasai hakina ngeli kama zetu. Kina viambishi vya jinsia: ol- kwa kiume na en- kwa kike, na mara nyingi ol- inabeba ukubwa, en- inabeba udogo. Nilichora jedwali la aina kumi za Aristotle, nikajaribu kuzigawa katika safu mbili. Jioni nzima iliishia hapo. Dhati iko ol- au en-? Sifa je? Nililichana lile jedwali. Au kosa lilikuwa kutafuta Aristotle mahali ambapo hakuna aliyemwalika?

Siku iliyofuata nilipanda matatu hadi Kajiado, kupitia Isinya. Sokoni palikuwa na mzee ametandika turubai, juu yake visu na sime. Nilimwamkia, nikamuuliza majina. Akagusa sime: olalem. Akagusa kisu kidogo: enkalem. Shina ni lilelile, kiambishi ndicho kinachobadilika. Nikamwonyesha cha katikati, chenye mpini wa mbao uliofungwa kamba ya ngozi. "Na hiki, mzee?" Akasema enkalem. Jirani yake akakipokea, akakinyanyua, akakipima kwa kiganja, akasema olalem. Wakaanza kubishana kwa Kimaasai, bila hasira, kila mmoja akikirudisha mkononi mwa mwenzake. Chuma hakikuwa kimebadilika hata chembe. Basi kiambishi kilikuwa kinataja kisu, au hukumu ya aliyekishika?

Ubishi wa wazee wawili si ushahidi wa lugha nzima, nalijua hilo. Lakini ulinirudisha kwenye ile sarufi ya 1955 nikiwa na jicho jingine, na humo nikakuta kitu nilichokuwa nimekipita. Mbali na kiume na kike, Kimaasai kina jinsia ya tatu, na ndani yake mna neno moja tu: ewueji, mahali. Moyo ulinidunda. Ni ahantu ya Kagame, imesimama peke yake katika lugha isiyo na undugu na Kinyarwanda! Kisha nikajizuia. Neno moja linaweza kuwa mabaki ya mfumo uliokufa, au bahati tu. Na kwa nini nilifurahi upesi hivyo, kama si kwa sababu nilikuwa nataka kushinda?

Mtihani wa mwisho niliupeleka kwa Mgiriki mwenyewe. Mwaka 1958 mwanaisimu Émile Benveniste, huko Ufaransa, alitoa hoja kwamba aina kumi za Aristotle zinafuata maumbo ya Kigiriki. Angalia mbili zinazoonekana ngeni kwetu, mkao na kumiliki. Kwa mkao Aristotle anatoa mifano ya aliyelala na aliyeketi. Kwa kumiliki anatoa aliyevaa viatu na aliyebeba silaha. Kigiriki kinazitofautisha kwa maumbo ya kitenzi, ndiyo maana kwake ni mbili. Tafsiri kwa Kiswahili: amelala, ameketi, amevaa, amebeba. Zote zinaingia katika -me- moja. Mswahili angezihesabu kama aina mbili, au angeshangaa zilitenganishwa kwa nini?

Hapo ndipo simulizi zote mbili zilipoanza kunilegea. Kama Kagame alimvisha Aristotle kanzu ya Kibantu, Aristotle naye alikuwa amevaa shuka la Kigiriki tangu mwanzo. Na kama falsafa ilikuwa imelala ndani ya ngeli, wale wazee wa Kajiado wasingekuwa na la kubishania: kiambishi kingewaamulia. Walichofanya kilitokea pale lugha ilipowaachia nafasi ya kuchagua, wakachagua tofauti, kila mmoja akadai sababu kwa mwenzake. Kagame alijua thamani ya kitendo hicho, ndiyo maana kitabu chake kina watu wawili. Lakini je, Kama na Gama walipata kutofautiana kweli, kama wale wawili juu ya turubai?

Nilirudi Kitengela giza likiingia. Kisu cha katikati nilikinunua, kiko mezani ninapoandika. Upande wa pili wa barabara kondakta anaita abiria wa Nairobi, jina la maji lenye kiambishi cha kike, jiji alimofia mtu aliyetaka kujua vilivyopo ni vya aina ngapi. Kama ningeweza kumwekea Kagame kisu hiki mkononi, angetaja kipi kwanza: umuntu aliyekishika, au ikintu alichokishika?