Mumbo, mungu wa ziwa asiye na sanamu

Wahubiri wa Migosi mjini Kisumu, kama wenzao wa Kondele na Manyatta, hawachoki kuwakemea waabudu sanamu, na 1 Wakorintho 6:9 wanaijua kwa moyo. Kwa Kigiriki Paulo aliandika eidololatrai, watumishi wa sanamu. Korintho ilikuwa na mahekalu, miungu ya mawe na nyama za dhabihu sokoni, kwa hiyo msomaji wake alijua anayesemwa ni nani. Huku Nyanza jina hilo liliwaangukia watu wasiokuwa na sanamu hata moja.

Wajaluo wa zamani hawakumchonga Mungu. Mzee alitoka nje alfajiri, akalielekea jua linalochomoza, akatema mate na kumwomba Nyasaye, Mungu wao, siku njema. Wamisionari waliofuata reli iliyofika Kisumu 1901, Wakatoliki wa Mill Hill kisha Waanglikana waliofungua kituo Maseno 1906, waliyatia hayo yote katika kapu moja la upagani.

Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba nyoka mkubwa alitoka ziwani, akammeza, akamtapika mzima. Nyoka huyo ndiye Mumbo. Ujumbe wake: dini ya Wazungu imeoza, msinyoe nywele, vaeni ngozi, Wazungu wataondoka. Waumini waliambiwa wachinje mifugo yao wale, kwani Mumbo angewapa mingine kutoka majini. Waliochinja walichinja, ng'ombe wa ziwani hawakuonekana.

Imani ikavuka hadi kwa majirani wa Gusii. Septemba 1914, wakati wa vita, Wajerumani walipoingia Kisii na Waingereza wakaukimbia mji kwa muda, nani angebisha kwamba unabii umetimia? Watu wakapora ofisi, maduka na misheni. Waingereza wakarudi na bunduki.

Serikali ya kikoloni ilijali nini kuhusu ibada za nyoka? Kidogo sana, naamini. Kilichoiudhi ni yale maneno kwamba Wazungu wataondoka. Paulo huyohuyo, katika Wakolosai 3:5, aliita hata tamaa kuwa ibada ya sanamu, ila sidhani andiko hilo liliwahi kusomewa wakusanya kodi ya nyumba wa serikali hiyo.

Baadhi ya viongozi wa Mumbo walihamishiwa Lamu, mji wa Kiislamu ambao ungezichukia sanamu kuliko askofu yeyote. Wafuasi hawakuisha. Mwaka 1954, miaka 41 baada ya Onyango kumezwa, dini ya Mumbo ilikuwa miongoni mwa madhehebu yaliyopigwa marufuku Kenya.