Ruzuku ya Kupima Wazo

Kampuni changa ya teknolojia hufika mahali ambapo benki inadai dhamana, mwekezaji anataka kuona wateja, na mfadhili wa utafiti anahesabu kazi yake imekwisha. Fedha zinazolengwa kuziba pengo hilo Waingereza huziita "proof of concept grant". Ni ruzuku kwa maana kamili: hairejeshwi, mtoaji hachukui hisa, na hutolewa kwa kazi moja tu, kujua kama wazo lililo kwenye karatasi linaweza kufanya kazi. Nchini Marekani, awamu ya kwanza ya mpango wa SBIR, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982, hufanya kazi hiyo kwa kampuni ndogo. Baraza la Utafiti la Ulaya lilianza kutoa ruzuku ya namna hii mwaka 2011, euro 150,000 kwa watafiti ambao tayari limewahi kuwafadhili. Kwa Kiswahili hutafsiriwa kuwa "ruzuku ya uthibitisho wa dhana". Tafsiri hiyo sisisi inapotosha, na afadhali tuseme "ruzuku ya kupima wazo".

Kuthibitisha ni kuondoa shaka juu ya jambo linaloaminiwa kuwa kweli. Anayepewa fedha ili athibitishe amekwisha kuambiwa jibu linalotakiwa. Akileta jibu jingine, ataonekana amezila bure. Kupima hakuna upande. Tofauti hii inaonekana katika historia ya M-Pesa. Vodafone ilipata karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza uliotaka kupanua huduma za fedha, nayo ikachangia kiasi kama hicho. Majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalikusudia kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kulipa mikopo yao kwa simu. Utaratibu huo ulikuwa na usumbufu wake, lakini watumiaji walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikowekwa mbele. Kama kazi ingekuwa kuthibitisha wazo la awali tu, matumizi hayo yangeandikwa kama kasoro. Kwa kuwa watu walikuwa wakipima, yakawa ndiyo matokeo.

Lakini fedha za umma zina wenyewe, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini agharimie jibu la "hapana". Utafiti wa Sabrina Howell, uliochapishwa mwaka 2017 katika American Economic Review, unasaidia kumjibu. Alichunguza ruzuku za SBIR zilizotolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani, akakuta kwamba awamu ya kwanza, ya takribani dola 150,000, iliongeza karibu maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji baadaye. Awamu ya pili, yenye fedha nyingi zaidi, haikuonyesha manufaa ya aina hiyo. Maelezo yake ni kwamba kampuni haikunufaika kwa muhuri wa serikali bali kwa kielelezo ilichoweza kukitengeneza. Kwa hiyo thamani imo katika kipimo chenyewe, na kipimo kinachofanywa mapema huzuia fedha nyingi zaidi zisizame katika wazo lisilofaa.

Wapo watakaosema kwamba "uthibitisho wa dhana" umekwisha kuzoeleka, na kuubadilisha ni kuleta vurugu. Mazoea hayo ni ya nyaraka chache na semina. Mafundi wenyewe husema "POC", kwa hiyo hakuna mzizi mrefu wa kung'olewa. Wengine watahofu kwamba "kupima" ni pana mno. Upana huo unapungua tukiyapa majirani zake majina yao: "kielelezo" ni kifaa kinachotengenezwa ili kipimwe, na "majaribio ya soko" ni hatua ya kuwapa watumiaji huduma kamili kwa kiwango kidogo. Zaidi ya hayo, jina jipya linambana mtoaji pia. Mfuko unaojiita wa kupima wazo hauna hoja ya kumwadhibu aliyepima kwa uaminifu akakuta wazo halifai, na fomu yake ya ripoti italazimika kuuliza kilichogunduliwa kabla ya kuuliza kilichofanikiwa.