Damu ya Mäntyranta na kipokezi kilichokatika mkia

Kila michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia, jina la Eero Mäntyranta hufufuliwa, na tuhuma hufufuliwa nalo. Mzaliwa huyu wa Pello, kaskazini mwa Ufini, alitwaa medali saba za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye theluji. Innsbruck, mwaka 1964, alishinda kilomita 15 akimwacha wa pili kwa sekunde 40. Minong'ono ikaanza: yule ameongezewa damu.

Kwamba kuna homoni inayochochea utengenezaji wa damu, watafiti Carnot na Deflandre walilisema Paris mwaka 1906. Goldwasser na wenzake Chicago waliisafisha mwaka 1977 kutoka lita 2,550 za mkojo. Ndiyo erithropoetini, na kipokezi chake kilitambuliwa 1989.

Himoglobini ya Mäntyranta ilipita gramu 200 kwa lita, ilhali wanaume wengi hawazidi 180. Ndugu zake wengi walikuwa vivyo hivyo, wazima wa afya. Timu ya mtaalamu wa jenetiki Albert de la Chapelle, Helsinki, ikaufuatilia ukoo mzima, na mwaka 1993 ikatoa jibu.

Homoni ikitoka kwenye figo hunasa vipokezi viwili juu ya seli changa ya uboho. Ndani ya seli, kimeng'enya JAK2 huamka na kuubandika fosfati mkia wa kipokezi. Protini STAT5 hutua hapo, nayo hubandikwa fosfati, kisha huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kuishi na kuongezeka. Mwisho wa mkia huohuo hutua protini nyingine, SHP-1, inayoizima JAK2. Kipokezi cha ukoo wa Mäntyranta kilipungukiwa asidi amino 70 za mwisho, yaani breki yenyewe. Homoni kidogo tu ikatosha kuzalisha damu tele.

Mwaka 2005 kasoro ya JAK2 yenyewe ilipatikana kwa wagonjwa wengi wenye damu iliyozidi, na dawa ya kuizuia ikafuata.

Leo wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, hata Dar es Salaam na Nairobi, huchomwa erithropoetini. Kampuni za dawa zinajulikana. Ukoo uliokubali kupimwa hautajwi. Hiyo si haki. Kama lipo lingine la kumlaumu Mäntyranta, aliyefariki 2013, lijadiliwe peke yake. Wingi wa damu alizaliwa nao, na anayebisha asome kwanza utafiti wa 1993.